Mpambaji Anayejua Kukataa

Kila Shaabani inapokaribia, simu yangu haipumziki. Wazazi wa hapa Chake, Pemba, na wengine wa Wete na Mkoani, wanakuja na ombi moja: mtoto amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, anapenda mambo ya urembo, je, naweza kumfundisha kupamba kabla harusi hazijapamba moto? Wiki tatu, nne hivi. "Mikono anayo, mwalimu, wewe muelekeze tu." Nawapenda wazazi hawa. Anayenipigia simu ameshakubali kwamba kazi ya saluni ni kazi, na nilipoanza mimi neno hilo halikuwa jepesi kulitamka mbele ya wazee. Lakini jibu langu halibadiliki. Hizo wiki nne nitamfundisha kuosha vitana na kusoma maandishi yaliyo nyuma ya chupa. Brashi atakuja kuishika baadaye.

Wengine hawapigi tena. Wanampeleka kwa mtu atakayemkalisha pembeni atazame, na wiki ya tatu anakabidhiwa uso wa mtu. Siwalaumu, maana wengi wetu ndivyo tulivyojifunza. Ila kwa muda wote niliosimamia skuli hii ya urembo hapa Madungu nimezidi kuamini kwamba ninachotaka binti aondoke nacho ni uwezo wa kumwambia mteja hapana, akamueleza kwa nini, na mteja yule akarudi kwake. Mengine yote, kusuka, kutinda nyusi, mekapu, kucha, yanafundishika kwa mazoezi. Hili la kukataa linataka elimu.

Mimi ni mzaliwa wa Wete na urembo niliukuta nyumbani. Shangazi yangu alikuwa somo, yaani mwanamke wa kumuandaa biharusi, akiitwa huku na huku kuwasinga, kuwasugua mwili kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa na maua. Liwa aliisaga mwenyewe kwenye msio wake, jiwe lililoliwa katikati kwa kusuguliwa miaka na miaka. Kipande cha mti wa liwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto akidondosha maji ya waridi kidogo kidogo, mpaka ule uji mzito ukajikusanya ukingoni, naye akaukwangua kwa kidole bila kupoteza hata chembe. Asumini, mlangilangi, mkadi na waridi aliviacha vikauke kivulini, kwa sababu jua linaondoka na harufu. Halafu akatwanga, akachekecha, akatwanga tena yale makapi.

Karafuu alitia chache mno. Udogoni nikiona ni ajabu, Pemba mtu afanye ubahili wa karafuu! Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, na eujenoli ikizidi inaunguza ngozi. Shangazi hilo jina hakulijua. Alijua kwamba biharusi aliyetiwa karafuu nyingi hulala akilia. Na kabla hajamsinga mtu mwili mzima, alimpaka kidogo ndani ya kiwiko, akamwambia asioshe, akarudi kesho yake kutazama. Akiona pamewiva, singo ile hampi tena, anatengeneza nyengine. Hata ile desturi ya kumtia biharusi ndani asione jua ina maana yake kwenye vitabu ninavyofundishia leo: ngozi iliyosuguliwa kila siku imepungua kinga yake ya juu, na jua la saa sita linaidhuru upesi.

Kwa hiyo sikubali ninaposikia kwamba urembo wa kitaalamu uliletwa hapa na mahoteli. Ulikuwepo. Shida yake ni nyengine. Elimu ile ilipita kutoka mkono hadi mkono bila sababu zake, ikatosha kwa vitu ilivyovizoea: liwa, singo, dalia, mafuta ya nazi, hina. Siku unga mpya ulipoingia nyumbani ndani ya kiboksi kutoka dukani, mkono wa shangazi haukuwa na la kusema juu yake. Ulifanya kama ulivyozoea kufanya na hina. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hapo ndipo skuli inapokuwa na kazi.

Ya katikati nitayapita haraka. Nilivuka Unguja, nikafanya kazi saluni Mlandege nikichoma nywele kwa kitana cha moto na kutia dawa vichwa visivyo na idadi, kisha nikaajiriwa spa ya hoteli pwani ya kaskazini. Kule hotelini nilikutana na karatasi. Kabla hujamgusa mteja unamuuliza: una mzio wa kitu gani, una mimba, unatumia dawa gani, umewahi kuvimba kwa rangi ya nywele? Unaandika, anatia saini. Mwanzo niliona ni mambo ya wageni. Baada ya muda nikatambua kwamba ni kiwiko cha shangazi, kimeandikwa. Nilirudi Pemba nikiwa na fomu zile mkobani na nia ya kufungua skuli.

Sasa piko.

Hina ya kweli ni jani la mhina lililokaushwa na kusagwa. Rangi yake inatokana na kitu kiitwacho lausoni kilichomo ndani ya jani, na kazi yake ni ya polepole. Ukibandua asubuhi unaona rangi ya chungwa, na siku ya pili yake ndipo inapokolea ikawa ya kahawia yenye wekundu. Nyeusi ti haitoki kwenye jani hilo hata ukeshe nalo. Piko nyeusi tunayochorea maua mikononi ni unga wa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Tazameni kile kiboksi chenyewe. Kimeandikwa kuwa ni cha nywele, kimeandikwa vaa glavu, kimeandikwa usitie kwenye nyusi wala kope. Ulaya sheria yao inaruhusu PPD isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kuipaka kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Sisi tunaikoroga kwenye kisahani kwa kukadiria kwa jicho, tunaichora moja kwa moja kwenye ngozi ya msichana, na tunamwambia akae nayo mpaka ikauke.

Aliletwa kwangu msichana mmoja, mdogo wake biharusi, siku chache baada ya harusi. Hakupakwa kwangu, lakini mama yake alidhani mwalimu wa urembo atakuwa na mafuta ya kupunguza. Alipofunua buibui nikaona ua. Lilikuwa zuri, aliyelichora ana mkono. Petali kwa petali, jani kwa jani, kikonyo kikipanda mpaka karibu na kiwiko, na lote lilikuwa malengelenge. Palipochorwa ndipo palipoinuka, na katikati ya mistari ngozi ilikuwa salama salimini. Maji yalikuwa yakitoka kwenye petali mbili. Sikumpaka kitu. Nilimfunga kitambaa safi kilicholegea, nikaenda nao hospitali mimi mwenyewe. Mkono ulipona, ila picha ya lile ua ilibaki kwa rangi iliyopauka, na sijui kama itaondoka.

Ninachotaka wasomaji wangu wakijue ni kwamba jambo hili haliishii mkononi. Mwili ukishaikataa PPD, hausahau. Miaka baadaye mtu yule yule atapaka rangi kwenye mvi zake za kwanza, na asubuhi ataamka uso umevimba, macho hayafunguki. Anaweza hata kupata taabu na baadhi ya dawa za ganzi. Na usitegemee kwamba ulipaka mara ya kwanza ukawa mzima. Mara ya kwanza mwili unaweza kuchukua wiki moja au mbili kabla haujaonesha kitu, na wengi hawaoneshi chochote, mpaka mara ya tano au ya kumi ya maisha yao ya kupaka. Kina mama huniambia, "Mwalimu, sisi tumepaka tangu usichana, mbona hatukufa?" Kweli, hawakufa, na wengi wao hawatadhurika kamwe. Lakini nani kati ya mabinti waliokaa kwenye mkeka usiku wa hina ndiye atakayedhurika, hakuna awezaye kusema kwa kumtazama.

Kwa hiyo skulini kwangu piko haiingii. Tunafundisha hina, tena kwa bidii: unga mpya uliochekechwa kwa kitambaa chembamba, maji ya ndimu, sukari kidogo ili ishike, matone ya mafuta ya mkaratusi, inaachwa iumuke mpaka rangi ianze kupanda juu. Inakaa mkononi usiku kucha, mkono uwe na joto, na siku ya kwanza usiguse maji kadiri unavyoweza. Inatoka kahawia iliyokoza ambayo kwenye kiganja inakaribia weusi. Wapo wateja wanaosema hapana, nataka nyeusi, wakaenda mlango wa pili. Wanafunzi wapo walioacha masomo kwa sababu hiyo hiyo, kwani piko ndiyo yenye pesa za haraka, na kwa wale wanaokwenda kuwachorea watalii ufukweni Unguja ndiyo inayoombwa zaidi. Mtalii anarudi kwao Jumapili, malengelenge yanatoka Ijumaa. Mchoraji hajui, mwezi ujao anaendelea. Hili linaniuma zaidi kuliko la ukumbini, maana jirani ukimuunguza utasikia tu.

Mkorogo ni ugomvi wa aina nyengine, kwa sababu unaletwa na upendo. Mama anamleta binti miezi miwili kabla ya harusi, anatoa mkobani kikopo cha plastiki kisicho na karatasi, ndani mna krimu ya manjano. "Angalau ang'are kidogo, mwanangu, watu watakuwa wengi." Mimi humuomba kwanza anitajie kilichomo, na hawezi, kwa sababu aliyemuuzia alichanganya mwenyewe. Hapo hoja yangu imeshakamilika nusu: bibie, unampaka mtoto wako kitu ambacho wewe na mimi na aliyekiuza hatujui ni nini.

Darasani tunakwenda mbali zaidi. Tunajifunza mambo matatu yanayopatikana sana kwenye mikorogo. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini inaingia mwilini na kuumiza figo, na mama mwenye mimba anampelekea mtoto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umelenga kuiondoa kwenye vipodozi duniani kote. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kugeuza kibao: mashavuni pale palipotakiwa weupe pakatoka madoa ya rangi ya samawati na weusi ambayo kuyaondoa ni kazi kubwa. Na krimu za steroidi, ambazo ni dawa za daktari kwa magonjwa ya ngozi, zikipakwa usoni kila siku zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi zikazuka, michirizi ikatoka mapajani na mikononi. Wanafunzi wanayatafuta majina haya kwenye makopo halisi kwa miwani ya kukuzia, na wanajifunza kuulizia bidhaa Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar kabla ya kuiweka kwenye rafu. Wanajifunza pia kutomwambia mteja wa steroidi "acha leo leo", kwa kuwa ukiacha ghafla uso unaweza kulipuka vibaya kuliko ulivyokuwa. Huyo ni mgonjwa wa daktari wa ngozi, na kazi ya mpambaji ni kumfikisha huko kwa heshima, bila kumtangaza mtaani.

Nakiri sina subira na fesheni ya kumpaka biharusi uso mweupe, shingo yake ikabaki ilivyoumbwa. Picha zinatoka, uso kama umekatwa mahali pengine ukabandikwa. Kosa mara nyingi si la mpambaji peke yake, maana ukienda madukani rangi za fondesheni kwa ngozi zetu ni chache, na zilizopo zinaelemea kwenye weupe. Sisi tunafundisha kuchanganya. Unamtoa biharusi mlangoni kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa, unapaka mistari mitatu kwenye taya ikishuka shingoni, na ile inayopotea usiione ndiyo yake. Ikiwa hakuna inayopotea, unachanganya mbili mgongoni mwa mkono mpaka ipatikane. Nimeona mabinti wa Micheweni wenye ngozi nyeusi nzuri mno wakijiangalia kwenye kioo baada ya hapo, wakagusa shavu, wakacheka. Mama zao nao hunyamaza kidogo. Kisha mmoja atasema, "Kumbe."

Kuhusu dawa ya kulainisha nywele nitasema machache, kwa kuwa watu wengi wanajua inaunguza. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, dawa ile iko upande wa pili kabisa, karibu na magadi makali ya kuzibulia mabomba. Haitiwi kwenye kichwa kilichokunwa, haitiwi siku moja na rangi, na haitiwi mtoto, hata mama akisimama mlangoni akasema harusi ya dada yake ni kesho. Na misuko ya kuvuta mpaka nyusi zinapanda, tafadhali, iacheni. Zile nywele za pembeni mwa paji zinazong'oka kidogo kidogo zinaweza kufika mahali zisirudi.

Kuendesha skuli kuna upande wake ambao hauna marashi. Usajili wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, leseni, kodi, mtaala unaosomeka na mkaguzi, choo safi, maji ya uhakika, mlango wenye pazia ili wanawake wavue mitandio kwa amani. Umeme siku hizi tuna nafuu. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga ufike mwaka 2010, draya haikai ikisubiri jenereta kama zamani, ingawa Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya kichwa cha mtu ni taabu ile ile. Vichwa vya plastiki vya kufanyia mazoezi vinakuja na meli, ni ghali, na nywele zake hazifundishi yote. Kwa hiyo siku za mazoezi tunaita majirani, wanasukwa na kuoshwa kwa nusu bei, mwalimu akiwa amesimama nyuma ya kila kiti.

Ada inafuata karafuu. Mwaka zinapokubali, wazazi wanalipa mara moja na harusi zinaongezeka, mwaka zikigoma tunakwenda kwa mafungu, mwengine analipa akipokea mchezo wake wa upatu. Msimu wenyewe ukiwa juu, nusu ya darasa inapotea kwenda kuchuma na kuchambua. Zamani nikiwakasirikia. Siku hizi wakirudi, vidole vimeingia rangi ya kahawia na ncha zimekauka, tunaweka mikono yote mezani na somo la siku hiyo linakuwa ni mikono yao: kwa nini ngozi imekauka pale na si pale, nini kimetoka kwenye konyo, kile kijiti cha karafuu, mafuta gani yatasaidia. Pale Wawi kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, na sisi huchukua mfano huo kufundisha vipimo. Mililita 100 za mafuta ya nazi, matone 10 ya mafuta ya karafuu, basi. Anayeongeza la kumi na moja kwa sababu "harufu haijatoka" anarudia somo.

Bei ni darasa linalowatoa wanafunzi jasho kuliko kemia. Ukimuuliza binti atatoza kiasi gani kumpamba biharusi, atakwambia kile anachotoza shoga yake, apunguze kidogo. Tunamkalisha na daftari. Andika fondesheni iliyotumika, kope, gundi, pini, nauli ya kwenda Kengeja na kurudi usiku, msaidizi wako, saa ulizokaa, brashi zinazochakaa. Jumlisha. Mara nyingi anagundua kwamba harusi yake ya mwisho alimlipa biharusi ili ampambe. Kisha linakuja suala la ndugu: wifi, binamu, jirani aliyekunyonyesha mdogo wako. Hapa kwetu huwezi kuwakatalia, na sifundishi kukatalia ndugu. Nafundisha kwamba zawadi itajwe ni zawadi: hina nimekupa, mekapu utalipia, na nusu ya malipo iingie kabla ya siku. Wakiona ni mambo madogo, nawasimulia habari za Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, akafua nguo za watu, akaja kuanzisha biashara yake ya mafuta ya nywele na mwaka 1908 akafungua skuli Pittsburgh, akiwafunza wanawake weusi kazi ya nywele ili wapate pesa yao wenyewe. Yeye naye alianza na kichwa kilichokuwa kinamuwasha.

Suala la dini tunalizungumza mwanzoni kabisa, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu lisipozungumzwa binti atakuja kukwama katikati ya kazi. Kuunga nywele, kunyoa nyusi, rangi ya kucha na udhu: wanafunzi wangu wamelelewa madrasa, wanazijua hadithi na wanajua masheikh wamesema nini. Namualika ukhti mwenye elimu yake awajibu, mimi nakaa kando. Msimamo wa skuli ni kwamba mwanafunzi asiyetaka kufanya jambo kwa dini yake halazimishwi na hafeli mtihani kwa hilo. Wapo waliojenga jina kwa hilo hasa, mpambaji anayejua kukupamba baada ya alasiri ukaswali magharibi na isha kwa udhu wako bila uso kuharibika. Katika joto la kaskazi hiyo si kazi ndogo, na wateja wake wanamsubiri.

Waliomaliza wametawanyika. Wengine wako spa za Nungwi na Kiwengwa, na kule Kiingereza kiliwatesa kuliko masaji, ndiyo maana sasa tunacho kwenye ratiba. Mwaka 2020 mahoteli yalipokosa wageni, walirudi nyumbani na mabegi yao, na hapo nikaona faida ya kuwafundisha wote kazi za majumbani pia, singo, hina, nywele za kawaida za mama wa kawaida. Mmoja alifungua kibarazani kwao Konde kwa kiti cha plastiki na beseni mbili, moja la kuosha na moja la dawa ya kuua vijidudu. Nilipomtembelea nilikuta ameandika kwa chaki ukutani: PIKO HAKUNA. Chini yake wateja watatu wamekaa wanasubiri.

Kwa hiyo mzazi unayenitafuta Shaabani hii, kozi yangu haimaliziki wiki nne, na kama huwezi kunisubiri sitakasirika. Lakini popote utakapompeleka mtoto, kabla ya kutoa ada ingia ndani. Omba uoneshwe vitana vinaoshewa wapi na kwa dawa gani. Chukua kopo moja la rafuni, mpe mwanafunzi yeyote, muulize ndani mna nini. Uliza kama wanapima mzio kabla ya rangi, na wanasubiri muda gani. Jibu ni siku mbili, nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko. Kisha muulize mwalimu ni lini mara ya mwisho alimrudisha mteja na pesa yake, na msikilize anavyoisimulia.